Kati ya Mgonjwa na Mzima

Katika shule yetu, kama katika shule nyingi za bweni, watu ni wa namna mbili tu: wagonjwa na wazima. Mgonjwa hulala katika chumba cha wagonjwa, huletewa uji, wala hadaiwi kazi yo yote. Mzima huamka kwa kengele ya saa kumi na moja alfajiri, hukimbia mchakamchaka, hufagia, huchota maji, husimama paredi, kisha huingia darasani. Mtu wa tatu hayupo. Cheti cha zahanati kikisema kwamba fulani apumzike siku tatu, basi siku ya nne kengele ya alfajiri humkuta fulani huyo amekwisha kuwa mzima kamili, na jina lake limo katika orodha ya wafagiaji.

Mimi naona desturi hiyo ina kasoro, nami naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini. Sitasema habari za homa wala za tumbo, maana hayo kila mtu anayajua na dawa zake zajulikana. Nataka kusema juu ya mtu aliyegongwa kichwa, ambaye kwa macho ni mzima kama wewe: anatembea, anacheka, anakula ugali wake na kuumaliza, lakini akiinama kufunga kamba ya kiatu dunia yote inamzunguka.

Kisa changu ni kifupi. Muhula uliopita tulikuwa na mechi baina ya mabweni. Kona ikapigwa, nikaruka, na mshambuliaji wa upande wa pili akaruka, vichwa vyetu vikakutana kabla ya mpira kufika. Sikuzimia. Niliinuka, nikajifuta vumbi, nikamwuliza mlinda mlango wetu tumefungana ngapi. Akanijibu. Nikamwuliza tena. Mwalimu wa michezo aliposikia hayo hakungoja la tatu, alinitoa uwanjani palepale, na jioni ile nilikuwa nimefika hospitali. Daktari alinimulika macho, akaniuliza siku na mwezi, akanitajia maneno matano nimrudishie, akanitembeza juu ya mstari mmoja, mguu mbele ya mguu. Akasema nimepata mtikisiko wa ubongo. Dawa aliyonipa ni parasetamoli kwa maumivu, basi. Nipumzike siku mbili, kisha nirudie shughuli zangu polepole.

Neno hilo "polepole" ndilo lililonifanya nishike kalamu. Shuleni kwetu hakuna kengele ya polepole.

Yafaa kwanza nieleze kilichomo ndani ya kichwa, maana wengi wetu twadhani ubongo umekazwa katika fuvu kama punje katika gunzi la mhindi. Sivyo. Umezungukwa na maji, unaelea. Kichwa kikisimamishwa ghafula au kikizungushwa ghafula, fuvu husimama na ubongo huendelea kidogo, kama maziwa ndani ya kibuyu kinachosukwa, na nyuzi zake nyembamba huvutika. Mara nyingi hakuna damu iliyomwagika, ndiyo maana picha za hospitali huonyesha kila kitu ki mahali pake. Kilichovurugika ni utendaji wa kazi. Seli za ubongo huhitaji nguvu nyingi kuliko siku zote ili zijirekebishe, na wakati huohuo damu ya kuzipelekea nguvu hizo hupungua. Ni kama jiko la shule siku ya mahafali: wageni wameongezeka na kuni zimekwisha.

Wala si lazima mtu azimie. Walio wengi hawazimii kabisa. Wapenzi wa mpira watakumbuka fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2014 huko Rio de Janeiro, kati ya Ujerumani na Argentina. Kijana mmoja wa Ujerumani, Christoph Kramer, aligongwa kichwani katika dakika ya 17. Akatibiwa, akarudi, akacheza karibu robo saa. Kisha akamwendea mwamuzi, Bwana Nicola Rizzoli wa Italia, akamwuliza kama mchezo ule ndio fainali. Alitolewa katika dakika ya 31. Mamilioni ya watu walikuwa wakimtazama, na kwa macho yao alikuwa mchezaji kama wachezaji wengine.

Zamani madaktari wengi walimwambia mtu wa namna hii alale katika chumba chenye giza, asisome, asizungumze sana, mpaka kichwa kitulie kabisa. Siku hizi ushauri umebadilika. Wataalamu wa jambo hili kutoka nchi mbalimbali walikutana Amsterdam mwaka 2022, na waraka wao ukatolewa mwaka 2023. Wanasema pumziko la saa 24 hadi 48 latosha, tena si pumziko la kufungiwa ndani. Mtu aweza kujifanyia mambo yake madogo madogo. Baada ya hapo aanze kutembea, kisha aongeze mwendo kidogo kidogo. Kichwa kikiuma kidogo zaidi na kikatulia ndani ya saa moja, si neno. Kikizidi, apunguze, ajaribu tena kesho. Kulala kutwa kucha kwa majuma hakumponyi mtu upesi, na kukimbia kabla ya wakati humrudisha nyuma.

Basi ninyi wenyewe mwaona kwamba matabibu wamekwisha kumtambua mtu wa tatu, yule asiye mgonjwa wala mzima, yaani anayepona. Aliyebaki bila kumtambua ni kiranja mwenye orodha ya kazi.

Sasa niingie katika mambo ya kila siku, maana hapo ndipo penye kazi.

Kuamka kwenyewe ni shughuli. Mimi nilikuwa nalala kitanda cha juu, na mwenzangu wa chini alikubali tubadilishane, jambo ambalo nalishukuru kuliko parasetamoli zote. Anayepona hawezi kuruka kutoka kitandani kama chura. Yampasa ageuke ubavu kwanza, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono hata aketi, atazame kitu kimoja kisichotikisika, ahesabu mpaka thelathini, ndipo asimame. Mimi nilikuwa nikitazama kitasa cha mlango. Yote hayo hayazidi dakika mbili, lakini kutoka kengele mpaka mlango wa bweni kufungwa tunazo dakika kumi tu, na ndani ya hizo watu themanini wanatafuta ndala zao gizani.

Sababu ya kizunguzungu ni hii. Mwili hujua umesimama vipi kwa ushuhuda wa mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na shingo pamoja na nyayo. Kwa mtu mzima mashahidi hao husema neno moja. Kichwa kikigongwa, hupingana kwa muda. Jicho lasema tumesimama, sikio lasema tunazunguka, nao ubongo, ulio hakimu wa kesi hiyo, umechoka, hauna nguvu ya kuwasikiliza wote.

Kitu kinachouchosha hakimu huyo kupita vyote ni kuinama. Siku moja nilijaribu kuhesabu mwanafunzi wa bweni huinama mara ngapi tangu alfajiri. Kamba za viatu, sanduku lililo uvunguni, fagio la chelewa, bomba la maji ambalo aliyelijenga aliliweka usawa wa magoti, ndoo, beseni la nguo, sahani chini wakati wa kungoja foleni, takataka za paredi. Nilipofika arobaini, na kengele ya chakula cha mchana bado haijalia, niliacha kuhesabu. Maisha yetu yote yako chini.

Lakini nilijifunza kwamba kila jambo lina njia yake, na njia hizo hazigharimu fedha. Kiatu hakifuatwi chini kwa kichwa; mtu huketi, akaupandisha mguu juu ya goti, kiatu kikamfuata yeye mikononi. Ndoo huokotwa kwa kupiga magoti, mgongo wima na macho mbele, si kwa kukunja kiuno. Sanduku langu lilitolewa uvunguni, likawekwa juu ya meza ndogo, ijapokuwa kiranja wa usafi alinung'unika kwamba linaharibu mstari. Maji nilichota kwa madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, sikujitwika kichwani. Maana mzigo wa kichwani hukandamiza shingo, na shingo ya mtu aliyegongwa kichwa aghalabu imeumia pia. Kwa kufua niliweka beseni juu ya kasha la mbao, usawa wa kiuno, nikafua shati leo na suruali kesho. Juma la kwanza lilipita bila sare yangu kung'aa, wala anga halikuanguka.

Kuna mwenzangu mmoja ambaye kwa nia njema kabisa alipendekeza kwamba badala ya kufagia nipewe kazi nyepesi ya kupiga kengele. Wageni wasioijua shule yetu waelewe kwamba kengele yetu ni rimu ya lori iliyotundikwa mwembeni, nayo hupigwa kwa kipande cha nondo. Katika majuma yale ningeona afadhali kulima eka moja ya mahindi.

Kelele ni adui, na mwanga mkali ni adui. Bwalo letu lina paa la bati, na watu mia nne wanapogonga sahani zao kwa pamoja, mwenye mtikisiko wa ubongo hutamani kulala njaa. Dawa yake ni rahisi: aruhusiwe kula robo saa mbele ya wengine, au achukue sahani yake akale chini ya mti. Matroni aliniruhusu, nami nikala maharage yangu kwa amani pamoja na kuku wake. Paredi nayo husimamwa juani kwa nusu saa na zaidi; anayepona asimame kivulini, au avae kofia, na akiona macho yanaingia giza aketi bila kuomba ruhusa kwa barua.

Hata chooni pana jambo, nanyi mtanisamehe kulitaja katika gazeti linalosomwa na wazazi. Vyoo vyetu ni vya kuchuchumaa. Mtu anayepona akiinuka pale kwa haraka huona nyota mchana. Kipande kimoja cha mwanzi kilichopigiliwa ukutani apate kushika kingetosha, na kingewafaa hata wazima wenye malaria.

Tena kuna kugeuka. Mtu akiitwa kutoka nyuma hugeuza shingo mara moja bila kufikiri. Mimi ilinibidi nisimame, nigeuze miguu kwanza, kisha mabega, kisha kichwa, vyote pamoja kama mlango. Kwa ajili hiyo rafiki zangu walinipa jina la Bibi Harusi, wakawa wakinipigia vigelegele nikipita. Sikukasirika sana, maana kwa kweli nilitembea hivyo hivyo.

Jambo moja nataka lisisahauliwe, kwa sababu wengi huelewa kinyume. Kujiepusha huku si kwa kudumu. Mtu akikaa miezi bila kugeuza shingo, ubongo wake haupati kujifunza kuwapatanisha wale mashahidi watatu. Hospitalini nilifundishwa zoezi: unyooshe mkono, utazame ukucha wa dole gumba, kisha ugeuze kichwa polepole kulia na kushoto kama mtu anayekataa, na macho yasibanduke kwenye ukucha. Mwanzoni nilihesabu kumi nikaona kichefuchefu. Baada ya juma nilihesabu thelathini. Kizunguzungu kidogo ndiyo karo ya masomo hayo, lakini kikiwa kikubwa mtu hupumzika. Vivyo hivyo kwa kuinama: leo kasha likiwa usawa wa kiuno, juma lijalo usawa wa magoti, hata beseni lirudi chini. Kwa hiyo nisemapo kwamba kazi za anayepona zibadilishwe, sina maana aondolewe kazi. Nina maana apandishwe ngazi hatua kwa hatua, naye aulizwe kila juma amefika wapi.

Darasani mambo ni magumu kuliko bwenini, ingawa hakuna anayedhani kwamba kunakili ni mwendo wa mwili. Fikiri juu ya vipindi viwili vya Biolojia, dakika themanini, mwalimu anaandika na wewe unanakili. Kila mstari ni kuinua macho ubaoni, kuyashusha daftarini, kuyainua tena. Baada ya dakika kumi herufi zangu zilianza kuogelea. Niliomba kukaa mbele katikati, nikawa nasikiliza tu huku nimefumba macho, na jioni nikanakili kutoka daftari la jirani lililowekwa kando ya langu, kwa robo saa, kisha pumziko, kisha robo saa nyingine. Mwalimu mmoja alikubali mara moja. Mwingine aliniona nimefumba macho akanisimamisha, akidhani nasinzia. Simlaumu, maana hakuna karatasi iliyomweleza. Cheti changu kilisema "amepona, arudi darasani," na karatasi ya daktari iliyosema "polepole" ilikuwa ndani ya faili, ofisini.

Na sasa nifike kwa wale wasemao kwamba tunatega kazi.

Neno hili husemwa sana katika mabweni, na hata baadhi ya walimu wetu, tunaowaheshimu, huwa na shaka hiyo. Mmoja aliniambia kwa upole kwamba enzi zao mtu aligongwa kichwa, akamwagiwa maji, akaendelea na mchezo. Ni kweli, nami sina ubishi juu ya ushujaa wao. Lakini ningependa wenye shaka watazame jambo moja. Mtegaji hutafuta kitanda. Hutaka cheti cha siku tatu, na zikiisha hutaka kingine. Mtegaji haombi fagio lenye mpini mrefu. Anayeomba apewe kazi anayoiweza, aifanye mbele ya watu wote na kupigiwa vigelegele vya bibi harusi, huyo ana faida gani? Mimi nasema desturi yetu ya sasa ndiyo inayozalisha watega kazi, kwa kuwa haitoi njia nyingine. Aliye nusu mzima hulazimishwa kuchagua: ajifanye mzima aumie, au ajifanye mgonjwa sana apate kulala.

Wale tuliokuwa wote Kidato cha Pili mwamkumbuka mwenzetu aliyeanguka kutoka kitanda cha juu. Sitamtaja. Siku ya nne alikuwa mchakamchakani. Siku ya sita alitapika paredini. Baada ya majuma mawili ya kulala na kuamka, kulala na kuamka, alipelekwa nyumbani muhula mzima, akarudia darasa. Mwaka huu angekuwa nasi katika mtihani wa mwezi wa Novemba. Wengi wa umri wetu hupona ndani ya majuma manne wakitunzwa vizuri. Majuma manne ya kazi zilizopunguzwa, na mwaka mmoja uliopotea, kipi ni ghali kwa shule na kwa mzazi aliyeuza mbuzi?

Juu ya michezo sina haja ya kusema mengi. Aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yu mzima, hata ikiwa fainali. Ubongo uliotikisika ukitikiswa tena kabla haujapona huweza kuvimba upesi na kumwua mtu, na vijana wa umri wetu ndio walio katika hatari hiyo zaidi. Huko Marekani, katika jimbo la Washington, mvulana wa miaka 13, Zackery Lystedt, aligonga kichwa mwaka 2006 katika mpira wa Kimarekani, akapumzika kidogo, akarudi katika mchezo uleule. Mchezo ulipokwisha alianguka. Aliokolewa kwa kupasuliwa kichwa, akabaki na ulemavu. Mwaka 2009 jimbo hilo likatunga sheria yenye jina lake, kwamba kijana anayedhaniwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe, wala asirudi bila barua ya tabibu. Na katika mpira wetu wa miguu, tangu mwaka 2024 sheria zinaruhusu mashindano yanayotaka yawe na mchezaji wa akiba wa ziada kwa ajili ya aliyegongwa kichwa. Kama watu wanaocheza kwa fedha nyingi wamekubali, sisi tunaogombea mbuzi wa bweni tunangoja nini?

Kwa wazazi nina maneno machache. Mama yangu alipokuja kunitazama alifuatana na jirani yetu, mzee mwema, mwenye sifa ya kuchua watu waliovunjika. Alitaka kuninyoosha shingo. Nilimshukuru sana nikamwomba anichue mguu badala yake, naye alicheka akakubali. Shingo ya mtu aliyegongwa kichwa isinyooshwe. Aspirini asipewe siku za mwanzo, maana kama kuna damu inayovuja itazidi kuvuja. Asipakiwe bodaboda, na ikiwa lazima asafiri katika barabara ya mashimo akae mbele ya gari, si kwenye kiti cha nyuma kinachorusha. Tena msishangae akiwa mwepesi wa hasira au wa machozi. Mdogo wangu alivunja kikombe nikapiga kelele kama simba, jambo lisilo tabia yangu. Hilo ni sehemu ya ugonjwa, nalo huisha. Hakuna aliyemrogea mtoto.

Watu husema pia kwamba aliyegongwa kichwa asiachwe alale usiku wa kwanza. Akiwa amekwisha kutazamwa na tabibu, anasema vizuri na kutembea vizuri, usingizi ni dawa yake. Lakini awepo mtu karibu naye. Akitapika mara kwa mara, au maumivu yakizidi kila saa, au akipata degedege, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au mkono ukilegea, au maneno yakivurugika, au haamshiki, au maji meupe yakimtoka puani au sikioni, hapo hapana kungoja asubuhi wala kutafuta ruhusa. Apelekwe hospitali usiku uleule.

Ninayoomba kwa Mkuu wa Shule na walimu ni madogo. Cheti cha zahanati kiongezwe sehemu ya tatu. Badala ya "mgonjwa" na "mzima" tu, pawe na nafasi ya kuandika "anayepona," na chini yake yale anayoweza na yale asiyoweza bado: kuinama, kujitwika, kukimbia, kunakili, kusimama juani. Nakala moja aipate mwalimu wa darasa, moja kiranja wa bweni. Kitanda cha chini apewe bila kuomba. Kila bweni liwe na fagio moja la mpini mrefu na kasha moja la kufulia. Kila juma matroni amwulize, afute mstari mmoja au auache. Nimehesabu gharama: karatasi, misumari, na fimbo mbili za mwanzi. Na si kwa wachezaji mpira peke yao. Wapo wanaoanguka mwembeni, wapo wanaogongwa na pikipiki wakienda likizo, na wapo dada zetu wa netiboli, ambao huumia kama sisi na husemwa vibaya zaidi wakilalamika.

Mimi sasa nimerudi mazoezini, baada ya majuma matano na barua ya daktari. Beseni langu liko chini tena. Vichwa bado sipigi, nami nimewaambia walinzi wenzangu wasinitegemee kwa mipira ya juu mpaka muhula ujao.

Barua yenye maombi haya nimemkabidhi katibu wa Baraza la Wanafunzi, nayo itasomwa katika kikao cha kwanza shule ikifunguliwa. Ye yote mwenye la kuongeza, au la kupinga, amwone katibu kabla hatujafunga. Kasha la mbao, kwa anayelihitaji, liko nyuma ya bweni letu, karibu na bomba la pili.